Saa Nane ya Ujiji

Simu ilitetemeka saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, na Shomari akajua kabla hajaipokea. Mtu wa nyumbani hakupigii saa hiyo kukuuliza umeamkaje. Jina kwenye kioo lilikuwa la Kassimu, shemeji yake wa Ujiji. Akatoka kitandani pekupeku, akamwacha mkewe amelala, akaenda kusimama kwenye ngazi za nyumba ya wageni waliyofikia na kuuvuta mlango nyuma yake polepole kama mwizi.

"Shemeji, mama ametutoka," Kassimu alisema.

Shomari akakaa kwenye ngazi. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Lini?"

"Alfajiri hii. Aliamka kutia udhu, akasema amechoka, akajilaza kidogo. Hata gari hatukupata muda wa kuita." Kassimu alivuta pumzi, ikasikika kwamba amelia na atalia tena. "Mko wapi ninyi?"

"Tuko Skotlandi, juu kabisa. Ile safari ya kutazama nyangumi."

"Basi usimwambie huko. Mfikishe nyumbani London kwanza, awe na watu. Wewe peke yako hutamweza, dada yangu namjua. Jeneza litatoka saa nane mchana, baada ya adhuhuri. Hata akipanda ndege sasa hivi hatawahi, kwa hiyo haraka ya nini? Nimeshawakataza wote wasiandike kitu kwenye group."

"Sawa, shemeji. Poleni sana."

Hivi ndivyo tulivyo sisi. Maneno ya kila kitu tunayo, lakini habari ya kifo hatumkabidhi mfiwa hivi hivi. Tunaizungusha. Tunamwambia mgonjwa amezidiwa, tunamwambia njoo mara moja kuna kikao cha familia, tunampakia kwenye gari na mtu wa kumshika huku na mtu wa kumshika kule, na siku zote yeye anakuwa wa mwisho kujua jambo ambalo ni lake kuliko la mtu mwingine yeyote. Tunaiita huruma. Na ni huruma, sibishi. Shomari mwenyewe alifanyiwa. Baba yake alipofariki Tabora, yeye alisafirishwa kutoka Dar es Salaam kwa maneno kwamba mzee anamwulizia. Akanunua machungwa njiani ya kumpelekea mgonjwa, akashuka nayo mbele ya turubai la msiba. Hakumlaumu mtu. Alijiambia ndiyo desturi, na waliomtangulia wanajua wanachofanya.

Akiwa palepale ngazini akampigia Restuta, jirani yao wa Woolwich, London. Restuta alikuwa Mhaya, mtu wa kanisani, nesi wa miaka mingi, na ndiye ambaye Watanzania wa mtaa ule humpigia kwanza kukiwa na jambo, awe Mkristo awe Mwislamu. Ufunguo wa akiba wa nyumba yao alikuwa nao yeye.

"Niachie mimi," Restuta alisema. "Nitatoa viti, nitaweka mikeka, nitawaita wanawake. Mnafika saa ngapi?"

"Saa mbili jioni."

"Basi mpaka saa mbili jikaze, baba. Asione kitu usoni mwako."

Aliporudi chumbani, mkewe, Mwantumu, alikuwa bafuni anaimba. Simu yake ilikuwa mezani, inachajiwa. Shomari aliijua namba ya kufungulia, maana ilikuwa mwaka aliozaliwa Nuru, binti yao aliyekuwa chuo Leeds na ambaye naye ilibidi afichwe. Akaifungua, akaiweka flight mode, akairudisha palepale. Mtu mmoja tu mwenye kiherehere angetosha kuandika "pole dada" na kuharibu kila kitu. Mwantumu hakuwa mtu wa kutazama alama ndogondogo za juu ya kioo. Angesema ni mtandao wa porini, basi.

Na hapa lazima nieleze walifuata nini huko, maana mtu wa Woolwich hapotei njia akatokea ncha ya Skotlandi. Mwantumu alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Jioni moja, akimlisha mzee mmoja uji, aliona kwenye televisheni habari ya orka, wale nyangumi weusi wenye baka jeupe karibu na jicho. Mtangazaji akasema kwamba orka wanaongozwa na mama, na kwamba mtoto, hata dume lililokomaa, huishi ubavuni mwa mama yake mpaka kifo. Mwantumu aliporudi nyumbani akampigia mama yake, Bi Tatu, akamsimulia. Bi Tatu akacheka mpaka akakohoa.

"Dume zima halitoki kwa mama yake? Na mimi wangu wamekwenda kukaa Ulaya!" alisema. "Hayo ya televisheni siyaamini. Nenda ukawaone kwa macho yako, halafu unionyeshe."

Ilikuwa mzaha, lakini Mwantumu aliushika. Miaka saba hakuwa ameonana na mama yake ana kwa ana, kwanza kwa sababu ya makaratasi, halafu kwa sababu ya kazi, halafu kwa sababu ya zile sababu ambazo mtu akiishi ughaibuni huziamini mwenyewe. Kila simu Bi Tatu aliuliza, "Umeshawaona samaki wangu?" Kwa hiyo safari ile ilikuwa yao wawili, ya mama na binti. Shomari alikuwa mbeba mabegi tu.

Boti iliondoka gatini saa tatu asubuhi, na abiria wapata thelathini, kila mmoja ndani ya jaketi la njano la kujiokolea. Ilikuwa Juni na bado upepo ulikuwa unakata masikio. Mwantumu alikaa mbele kabisa, ushungi wake ameufunga vizuri chini ya kofia ya sufu, chupa ya chai ya tangawizi kati ya magoti. Alikuwa na furaha ambayo Shomari hakuwa ameiona kwa muda mrefu, na kila alipomgeukia na kucheka, Shomari alijifanya anakaza mikanda ya jaketi.

"Mbona umepooza hivyo?" Mwantumu aliuliza. "Bahari imekushika?"

"Imenishika kidogo."

"Kunywa chai. Leo sitaki mgonjwa."

Mama mmoja wa Kihindi aliyekaa karibu aligeuka, akatabasamu. "Nyinyi watu wa wapi? Mimi Mwanza. Nimezaliwa Mwanza, nimesoma pale." Aliitwa Daksha, alikaa Kingsbury, London hiyo hiyo, na mumewe, ambaye muda huo alikuwa amelala na darubini kifuani. Mwantumu akafurahi kama aliyeokota ndugu. Wakaongea habari za ziwa la Mwanza na ziwa la Ujiji, za samaki wake, sato na migebuka, na Mwantumu akamweleza juu ya Bi Tatu na samaki wake. Shomari akashindwa kukaa. Akainuka, akaenda nyuma ya boti, akashika chuma cha ukingoni.

Saa zilikwenda bila orka. Walionyeshwa sili wamejilaza mwambani, wakaonyeshwa ndege. Binti mwelezaji, aliyekuwa na kipaza sauti, akawaomba radhi mara mbili na kusema kwamba hawa si wanyama wa kuitwa. Shomari hakuwa akitazama bahari. Alikuwa anatazama saa. Ujiji iko mbele kwa saa mbili. Saa nne hapa, saa sita kule: sasa wanamwosha. Saa tano hapa, saa saba kule: sasa wamemkafini, amelazwa sebuleni, na watoto na wajukuu wanapita mmoja mmoja kumtazama uso na kumwomba radhi. Alijua vizuri kwamba siku hizi walio mbali hupita kwa simu. Aliyashuhudia Woolwich, mtu ameshika simu kwa mikono miwili, anazungumza na uso uliofumba macho. Kassimu alisema hatawahi, haraka ya nini. Lakini kuwahi kwa ndege si kuwahi kwa simu, na Kassimu, katika kulia kwake, hilo hakulifikiri. Shomari alilifikiri. Hilo ndilo lililomfanya akishike kile chuma mpaka vidole vikafa ganzi.

"Kuna kitu," sauti ilisema nyuma yake. Alikuwa Bi Daksha. "Mimi mtu mzima. Unaangalia saa, unaangalia mke. Kuna nini?"

Akamwambia. Hakujua kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa mgeni, na alikuwa anajua Kiswahili. Bi Daksha alisikiliza, akajifunika mdomo kwa ncha ya skafu.

"Mwambie sasa," alisema. "Mama yangu alikufa Mwanza, mimi Kingsbury na mtoto mchanga. Walinihurumia. Waliniambia baada ya siku tatu, wameshamchoma, majivu wameshamwaga ziwani. Hata leo nikiamka naona kama nimechelewa mahali. Mwambie, bwana. Bado ana saa moja."

"Nitamwambia hapa? Akianguka? Alie wapi, mbele ya watu hawa?"

"Atalia mbele ya watu hawa. Mimi nitamshika."

Shomari akatazama mbele ya boti, akaiona kofia ya sufu ya mkewe. Akapiga hatua tatu. Kwa haki yake niseme kwamba alizipiga. Hapo ndipo binti mwelezaji alipopaza sauti, kwamba kuna ujumbe kutoka kwa watu wa pwani, kundi linapita nyuma ya rasi, washikilie vizuri. Boti ikageuka kwa nguvu, watu wote wakasimama, na Mwantumu akageuka kumtafuta mumewe huku mkono umenyooshwa, anaita, "Baba Nuru! Njoo, wanakuja!"

Akashindwa. Ningependa kusema kwamba ni mawimbi yaliyomzuia, au kelele, lakini hapana. Alishindwa kuutazama uso ule na kuuzima.

Walitokea saa sita kasoro dakika tano. Kwanza pumzi, moshi mweupe juu ya maji, na sauti yake ikafuata nyuma, nzito, kama ya mtu aliyetua mzigo. Halafu pezi moja refu kupita urefu wa mtu, limesimama wima, likafuatwa na mapezi mengine mafupi. Walikuwa watano. Boti ikazima injini na abiria wote wakanyamaza. Aliyetangulia alikuwa jike, pezi lake limemeguka ukingoni, na lile dume kubwa lilikuja ubavuni mwake kabisa, wakipanda pamoja na kushuka pamoja.

"Yule wa mbele ndiye mkubwa wa familia," binti mwelezaji alisema taratibu. "Na dume lile ni mwanawe. Hajawahi kuishi mbali naye. Mama akifa, madume kama haya mara nyingi hayaishi muda mrefu."

"Ni kweli!" Mwantumu alisema kwa Kiswahili, machozi yanamtoka na kicheko kinamtoka. "Kumbe ni kweli! Baba Nuru, yangu haina network. Mpigie mama kwa yako, video call, haraka, awaone mwenyewe!"

Shomari akaitoa simu mfukoni. Ilikuwa na mtandao. Ilikuwa na mtandao wa kutosha kabisa.

"Haina," alisema.

"Na yako pia?"

"Na yangu pia."

Bi Daksha alimtazama, kisha akageuza uso, akatazama maji.

"Basi nitamrekodia," Mwantumu akasema, wala hakuvunjika moyo. Akainua simu yake. "Mama, shikamoo. Unawaona? Huyo mwenye pezi lililomeguka ndiye mama yao. Na hilo jitu pembeni ndilo mwanawe, unaona lilivyomganda? Ni kweli mama, televisheni haikusema uongo. Na mimi nakuja. Desemba nimeshaomba likizo, nilitaka kukushtukiza lakini siwezi kunyamaza. Desemba nakuja, mama, nitakuganda hivyo hivyo."

Simu ikatetemeka kiganjani mwa Shomari. Kassimu alikuwa ameandika neno moja: "Tunamtoa." Ilikuwa saa sita na dakika kumi na mbili. Orka wakazama, wakaibuka mbali, wakazama tena, na watu wakapiga makofi.

Gatini, Mwantumu alitaka kuituma ile video palepale. Shomari akamwambia ni nzito, asubiri wifi ya nyumbani. Akakubali. Alikubali kila alichoambiwa siku ile, na huko ndiko kulikomtesa zaidi Shomari, ndani ya gari mpaka Inverness, ndani ya ndege mpaka Heathrow, na kwenye treni ya Elizabeth, ambamo Mwantumu alilala begani kwake tangu Paddington mpaka Woolwich.

Saa mbili jua lilikuwa bado juu ya mapaa. Walipoingia mtaani kwao Mwantumu alikuwa anaeleza jinsi atakavyomsimulia mama, aanzie wapi. Akaona viatu. Vilikuwa vingi, vimepangwa nje ya mlango wake mwenyewe. Akasimama katikati ya sentensi.

"Nani?" aliuliza.

Restuta akatoka, amejifunga khanga kiunoni, akafungua mikono.

"Nani, Restuta?"

"Mama, dada yangu. Mama."

Mwantumu hakufika mlangoni kwa miguu yake. Wanawake wanne walimbeba, wakamweka mkekani, wakamshika, na kilio alichokitoa kilisikika mpaka barabara kuu. Shomari aliingia jikoni walikokaa wanaume, wakampa mkono mmoja mmoja. Umefanya vizuri sana, walimwambia. Ungemwambia kule angekufia. Huo ndio uanaume. Na Shomari, Mungu amsamehe, kwa muda mfupi alisikia nafuu. Watu walikuwepo, mikono ya kumshika ilikuwepo, kila kitu kilikuwa kama kinavyotakiwa kuwa.

Baada ya muda Mwantumu akatulia, akaomba aongee na Kassimu. Simu yake ikakataa. "Haina network hata hapa," alisema kwa sauti iliyokauka, akampa Restuta. Restuta akaitazama, akaona tatizo, akalitoa kwa kidole bila kufikiri.

Simu ikaanza kutetemeka. Ikatetemeka mkekani, ikatulia, ikatetemeka tena, mpaka wanawake wote wakawa wanaitazama. Simu kumi na nne zilizokosa kupokelewa, zote za Mama Mdogo Zaituni, mdogo wake Bi Tatu. Chini yake kulikuwa na jumbe tatu za sauti. Restuta alitaka kuichukua. Mwantumu akamwahi, akabonyeza.

"Mwantumu mwanangu," sauti ya Zaituni ilisema, na jikoni wanaume wakanyamaza. "Kassimu anasema usiambiwe. Mimi nimekataa. Mtoto mkubwa haachwi. Tumeshamwosha mama yako, uso bado uko wazi, amependeza. Piga video uongee naye, umwombe radhi."

Wa pili: "Mwanangu, nakupigia hupatikani. Ni saa nane sasa. Sheikh ametupa dakika kumi kwa ajili yako. Simu nimeishika hapa, karibu na uso wake. Piga tu, utamwona."

Wa tatu haukuwa na maneno mwanzoni. Zilisikika sauti za wanaume wakiinua kwa tahlili, na vilio vya wanawake, halafu Zaituni, karibu sana na simu: "Basi, mwanangu. Basi. Wameshamwinua."

Wale waliokuwa wakimsifu Shomari walitazama sakafu. Mwantumu akainua macho, akamtafuta mumewe, akamwona amesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Saa nane ya Ujiji ni saa ngapi kule tulikokuwa?"

"Saa sita," alisema.

"Nilikwambia mpigie mama."

"Ndiyo."

"Ukasema haina."

"Ndiyo, Mama Nuru."

Alitegemea ukelele. Aliutaka. Mwantumu alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akaongea taratibu, kwa sauti anayoitumia kazini na wazee wake.

"Najua ulinihurumia. Wote mlinihurumia. Lakini sikiliza. Mama yako yuko hai kule Tabora, Mungu amweke. Siku yake ikifika watanipigia mimi kwanza, maana ndivyo tunavyofanya. Na mimi nakuahidi mbele ya watu hawa: nitakuambia saa hiyo hiyo. Ukiwa kazini, ukiwa barabarani, ukiwa huna hata mtu mmoja wa kukushika, nitakuambia."

"Asante," Shomari alisema, na hapo ndipo alipoanza kulia, yeye ambaye tangu alfajiri hakuwa amemlilia mama mkwe wake hata tone.